Gari Lisilomwaga Kahawa

Liwa, 2 Septemba 1994

Kwa ndugu yangu Huweishil bin Nasib, Bidiya.

Assalaam aleikum. Wewe huenda umenisahau, lakini gari langu halijakusahau. Mimi ni Dalmuk bin Ghanim, yule mtu wa Liwa, ng'ambo ya mpaka, aliyekuja kwenu Omani baridi iliyopita na pikapu jeupe la Landkruza, akajigamba mbele ya watu kwamba vilima vya mchanga vya Bidiya ni vya kuchezea watoto, kisha akakwama karibu na kilele, ubavu ukitazama bonde, matairi mawili hewani. Wenzangu wote walibaki chini wakinipigia kelele, huyu aseme rudi, yule aseme kanyaga. Wewe ulizunguka nyuma ya kilima na pikapu lako la kazi, ukafunga kamba, ukanivuta taratibu mpaka nikakaa sawa. Kisha hukunicheka. Ulinipa tende, ukanimiminia kahawa, ukaniuliza habari za mvua za kwetu, utadhani tumekutana sokoni.

Tangu siku ile nakutafuta nikushukuru. Anwani yako nimepewa na mwuza vipuri wa huko kwenu.

Gari sasa ukiliona hulijui. Injini nimeitia tabo ya kuiongezea nguvu, ekzosti nimeipanua, mlio wake mke wa jirani yangu anaapa unamkatia maziwa ya mbuzi. Mbele na nyuma nimelifunga springi mpya, ndefu na laini, alizonifulia fundi mmoja Mpakistani wa Al Ain. Zinainama na kila tuta, tairi haliachani na mchanga hata kidogo. Januari kuna mashindano ya kupanda kile kilima chetu kikubwa, na safari hii nataka kufika juu mbele ya macho ya wale walionipigia kelele.

Sasa sikiliza. Jambo lolote la gari, niulize. Shukrani yangu ndiyo hiyo, sina nyingine.

Ndugu yako,
Dalmuk bin Ghanim


Bidiya, 19 Septemba 1994

Kwa ndugu yetu mpendwa Dalmuk bin Ghanim.

Wa aleikum salaam wa rahmatullahi wa barakatuh. Barua yako imetufikia na imetufurahisha. Nilimsomea mama yangu, ambaye macho yake hayaoni tena, akacheka sana pale kwenye vilima vya kuchezea watoto. Hujambo wewe? Wazee hawajambo? Ngamia wazima? Sisi tu wazima, twamshukuru Mungu.

Kukuvuta si kitu. Ningekuwa mimi juu na wewe chini, ungepanda.

Umesema nikuulize, nami kweli nina swali, ila naona haya kulileta mbele ya fundi kama wewe. Pikapu langu ni Landkruza kama lako, la dizeli, kuukuu lakini zima. Nyuma lina springi ngumu za kubebea ngamia na mapipa ya maji. Kutoka kwetu mchangani mpaka kwenye lami kuna njia ya mawe na vijituta vilivyopangana, inayolegeza meno kinywani. Nataka nipite njia ile bila gari kutikisika. Mbio sizitaki, wala nguvu. Nataka gari ambalo ukiweka ndani yake kikombe cha kahawa kilichojaa, kahawa isimwagike.

Lifanyweje? Naomba jibu mapema, kama haitakuwa taabu.

Mama anakusalimu.

Huweishil bin Nasib


Liwa, 1 Oktoba 1994

Yakhe Huweishil!

Barua yako nimeisoma gerejini, kisha nikaisoma tena kwa sauti, vijana wakatupa spana chini wakacheka mpaka wakakaa. Dunia nzima inataka gari lipae, wewe wataka gari libembeleze! Na umelitaka mapema! Ukiwa mzee je, utataka lenye mito na mashuka?

Haya, nimekwisha kucheka. Fanya hivi. Springi zako za nyuma ni vyuma vilivyopangwa kimoja juu ya kingine. Fungua, toa vile viwili vya chini, vifupi na vinene. Hivyo ndivyo vinavyokupiga mgongo. Shokapu badilisha zote nne, usinunue za bei ya huruma. Nyuma weka mifuko ya mchanga, maana pikapu tupu hurukaruka, lililoshiba hutulia. Na la mwisho, dawa ya mababu: punguza upepo, tairi likae kwenye ardhi kama mkate wa moto.

Sasa sema kweli, unabeba nini? Mayai? Vioo? Mficha uchi hazai, yakhe. Usiponiambia nitakisia mwenyewe. Wewe mtu wa ngamia, baba yako alikuwa mtu wa ngamia. Umepata jike la mbio, lina mimba ya dume la watu wakubwa, nawe unataka kulihamisha bila majirani kukutia jicho. Nimepatia? Wallahi nimepatia! Mtu hasumbuki hivi kwa ajili ya kahawa.

Nakusubiri,
Dalmuk


Bidiya, 14 Oktoba 1994

Mpenzi dada yangu Muza,

Salamu nyingi ziwafikie huko Sur, wewe na shemeji na watoto. Umeniuliza kama tumbo limeanza kuonekana. Kidogo, nikisimama upande. Anayejua ni wewe, mama mkwe, mume wangu, na yule daktari Msudani wa hospitali ya Ibra, basi. Usimwambie hata shangazi. Hii ni ya nne, Muza, na zile tatu hazikufika popote. Sitaki kupewa pongezi tena kisha nipewe pole.

Daktari amesema nichomwe sindano kila baada ya wiki mbili, na amesema nisitikiswe. Nikamwambia, daktari, wewe umewahi kuiona njia ya kwetu? Unasema nikae Ibra. Na mama mkwe haoni, nani atamshika mkono? Nimemwambia twende wote, amekataa, anasema ngamia wake wakimkosa hawatoi maziwa.

Basi shemeji yako Huweishil amelifumua gari. Nakuambia kweli, lile gari analolipenda, la kupandia vilima Ijumaa na wenzake, amelilaza chini mchangani anatoa vyuma. Kutwa nzima mwanamume anasuka springi kama mwanamke anayesuka mkeka. Asubuhi anaijaza finjani kahawa mpaka ukingoni, anaiweka mbele ya kioo, anaondoka nayo mpaka kwenye lami na kurudi, kisha anakuja kunionyesha imebaki kiasi gani. Siku ya kwanza ilirudi tupu na suruali imelowa. Jana ilirudi nusu. Mama mkwe alipopapasa akakuta finjani imejazwa mpaka juu, alipiga kelele: "Unamfukuza mgeni gani?" Maana unajua, kwetu finjani haijazwi ila ukitaka mtu aondoke. Ikabidi aambiwe kwamba mgeni ni mjukuu, na hafukuzwi, anangojwa. Mama mkwe akalia kidogo.

Sasa nikupe kichekesho. Mafunzo yote haya yanatoka kwa rafiki yake mmoja wa Liwa, mjuzi wa magari na mwenye maneno mengi. Yeye kauliza, unabeba nini? Na tangu lini mwanamume wa kwetu akamtaja mkewe kwa mwanamume mwenzake, tena mkewe na mimba yake? Huweishil kakwama. Rafiki akakisia mwenyewe: ngamia jike, mwenye mimba, wa ukoo bora. Na shemeji yako anataka kuitikia! Kanijia uso umeiva kwa haya, kaniuliza kama nitakasirika. Nimecheka mpaka nikashika tumbo nikaogopa. Nimemwambia, mradi uandike kwamba ni wa ukoo bora, mimi sina neno.

Lakini usiku nikiwa peke yangu sicheki. Naogopa, dada. Niombee.

Mdogo wako,
Ghaliya


Bidiya, 16 Oktoba 1994

Kwa ndugu Dalmuk bin Ghanim.

Salaam aleikum. Nimefanya yote uliyonielekeza na gari limekuwa jingine. Mungu akulipe heri. Ile njia niliyoizoea sasa ni kama imetandikwa mkeka.

Kuhusu swali lako, ni kama ulivyosema. Ukoo wake ni bora. Naomba tusizidishe maneno juu yake.

Bado kwenye mawe gari linagonga mara moja moja. Safari ni kila baada ya wiki mbili. Kuna jambo jingine la kufanya?

Huweishil bin Nasib


Liwa, 29 Oktoba 1994

Nilijua! Nilijua!

Yakhe, ungeniambia tangu mwanzo. Ngamia mwenye mimba si mchezo, ana moyo mwepesi kuliko sisi. Fanya hivi. Mpe tende kabla ya safari, chache, asije akatapika. Mlaze akitazama nyuma, asione njia inavyomjia. Zungumza naye njiani, ngamia hupenda sauti ya mwenyewe, na ukijua kuimba, imba. Usimfunge kamba kifuani. Na usimpigie kelele hata akikutemea mate, maana jike akiwa na mimba hutemea anayempenda.

Gari likigonga, punguza upepo tena. Usiogope. Tairi likae chini kabisa, na ukishaupunguza usiurudishe mpaka umshushe mwisho wa safari. Kila ukisimama kujaza na kupunguza unamtia wasiwasi bure.

Halafu nina ombi, usinikatalie. Ndama akizaliwa, mtu wa kwanza wa kumnunua ni mimi. Dume au jike, kwangu sawa. Taja bei utakayo.

Ndugu yako,
Dalmuk


Hospitali, Ibra, 17 Novemba 1994

Dada Muza,

Usishtuke kuona barua imetoka Ibra. Mimi mzima. Naye mzima. Nimekutangulizia hilo ili usome yaliyobaki ukiwa umekaa.

Juzi tulikuwa tunakuja kwenye sindano. Njia ya mawe tulipita vizuri sana, nilikuwa nimepewa tende mkononi na shemeji yako akiimba, na unajua sauti yake ilivyo. Tukafika lami. Kwenye lami gari likawa linateleza kwa raha, nikasinzia. Mara mlio kama bunduki. Tairi la nyuma limepasuka, gari likayumba huku na huku, likatoka barabarani likaingia kwenye migunga. Miba yote ya Omani iliingia dirishani. Halikupinduka. Alhamdulillahi, halikupinduka.

Kisha nikaona damu.

Sitakueleza safari iliyobaki. Watu walitupakia kwenye gari lao, watu tusiowajua, Mungu awape kila waombalo. Daktari aliniwekea kile chombo tumboni, akasogeza, akasogeza, mimi natazama dari. Halafu nikasikia mapigo, mbiombio, kama mtu anayekimbia amevaa makubadhi. Muza, sijawahi kusikia sauti nzuri kama ile. Nimelazwa mpaka damu ikauke kabisa, na imeshakauka, lakini daktari hataki kuniachia.

Shemeji yako alikaa sakafuni nje ya mlango, viatu mkononi, hakuinuka mpaka nesi alipomwambia anazuia watu. Anajilaumu. Na rafiki yake anamwandikia kwamba ndama ni wake! Jana kaniomba jambo ambalo hajaniomba tangu anioe: ruhusa ya kunitaja kwa mtu. Nimempa. Nimemwambia, mwambie na jina langu ukitaka, mimi niliyetoka kwenye miba ile sina cha kuficha.

Njoo ukiweza. Usipoweza, niandikie.

Ghaliya


Bidiya, 20 Novemba 1994

Ndugu yangu Dalmuk,

Nimekudanganya. Sina ngamia mwenye mimba. Niliyekuwa nambeba ni mke wangu, mimba zetu tatu zimetoka, na hii ni ya nne. Daktari alikataza asitikiswe. Niliona haya kumtaja, ukakisia ngamia, nami nikaona ni pazia zuri, nikajificha nyuma yake.

Wewe ulinifundisha mambo ya ngamia wa mchangani. Mimi nikayapeleka kwenye lami. Si kwamba nilikuwa sijui. Kila mtoto wa huku anajua kwamba ukitoka mchangani unasimama pembeni ya barabara, unajaza upepo, ndipo unaondoka, la sivyo tairi linapata moto na kupasuka. Lakini siku ile nilitazama finjani, nikaona kahawa imetulia kama iko mezani, na yeye amelala. Moyo ukanikataza kusimama. Nikasema, mpaka Ibra tu. Tairi likapasuka.

Yeye mzima, na mtoto yu hai tumboni. Lakini safari bado ni nyingi na njia ni ile ile, na mimi sasa naliogopa gari langu mwenyewe. Nikijaza upepo linapiga, nikipunguza linapasuka. Kosa si lako hata kidogo. Nimekuandikia kwa sababu ulinitendea wema, na mtu aliyekutendea wema humwachi kwenye uongo.

Huweishil


Liwa, 28 Novemba 1994

Ndugu yangu,

Barua yako nimeisoma peke yangu. Nimekaa nayo ndani ya gari, injini imezimwa.

Mimi na mdomo wangu. Mficha uchi hazai, nilikuandikia hivyo, kwa wino, wewe na nyumba yako mkiwa katika hali ile. Nikakwambia mpe tende, mlaze akitazama nyuma. Na nikataka kumnunua mwanao! Nimemwambia mama yangu yote. Akasema, "Siku zote nilijua ulimi huu utatuaibisha, ila sikujua utavuka mpaka." Nisamehe. Na mwombe aliye nyumbani kwako anisamehe.

Sasa tuzungumze kama mafundi, na safari hii najua tunambeba nani. Lori la tende linalokwenda Sur litapita Bidiya, dereva anaitwa Sanad. Ana mzigo wako: springi nne laini, ndefu, za mbele na nyuma, na shokapu zake. Zilikuwa za akiba, zimelala gerejini zinashika kutu, usinishukuru. Zifunge kama zilivyo. Nimetia pia kiti kilichotoka kwenye gari la kifahari lililopinduka huku kwetu, kina mgongo unaolala. Na pampu ndogo ya upepo, unaichomeka kwenye betri, inajaza wakati wewe unakunywa kahawa.

Kwenye mawe punguza upepo kiasi, si sana, springi zitafanya kazi iliyobaki. Kwenye lami simama. Jaza upepo mpaka ukomo wake. Hata kama amelala, hata kama kahawa imetulia, hata kama mvua inanyesha, simama ujaze. Kazi ya ulaini sasa ni ya springi, tairi liachie kazi ya kutopasuka.

Mama anasoma dua kila baada ya alfajiri. Hajui jina, anasema "yule binti wa Bidiya."

Dalmuk


Bidiya, 21 Desemba 1994

Dalmuk, ndugu yangu,

Umeniambia nisikushukuru, na mimi sitakutii. Asante. Asante kwa springi, kwa kiti, kwa pampu, na kwa barua ile kuliko vyote, maana nilikuwa nangoja matusi.

Tumeshakwenda Ibra mara mbili. Nasimama kwenye lami, nachomeka pampu, nasubiri. Zamani nilidhani kusimama kutamtia wasiwasi. Kumbe ananishushia kioo ananiuliza kama nimejaza sawasawa, ananirudisha nihakikishe tairi la nyuma. Safari ya pili aliyapita mawe yote amelala kwenye kiti chako, mdomo wazi. Finjani sikuiweka. Naogopa kuijaribu bahati.

Daktari amesema mtoto anakua. Mwezi wa tano umepita. Hatujawahi kufika huku. Mimi si mtu wa maneno, wewe unajua, lakini jana nilipokuwa nalifuta vumbi gari nilijikuta nalia nikikutaja kwa jina.

Mama yangu amefurahi kusikia mama yako anasoma dua. Amesema jina ni Ghaliya, amtaje sawasawa.

Huweishil


Bidiya, 12 Februari 1995

Kwa Dalmuk bin Ghanim,

Ramadhani karimu. Binamu yangu Bakhit amerudi jana kutoka kuuza ngamia huko kwenu. Alihudhuria mashindano ya kilima Januari. Nikamwuliza, Dalmuk wa Liwa alifika juu? Akasema, "Dalmuk yupi, yule mwenye mdomo? Yule alikuwa amekaa na watazamaji anakula mbegu. Gari lake liko juu ya mawe, halina springi hata moja."

Za akiba, uliniambia. Zinashika kutu, uliniambia.

Nimekwenda kulala chini ya gari langu nikazitazama. Mwaka mzima uliusubiri mlima ule, ukaufungua kwa spana ukautia kwenye lori la tende. Naandika nikiwa na swaumu na sijui kama machozi yanaibatilisha.

Huweishil


Liwa, 24 Februari 1995

Yakhe,

Huyo Bakhit wako ana macho mengi kuliko haja. Nilikuwa na mafua.

Haya, sikuwa na mafua. Usiku ule nilipoipata barua yako nilitaka kukutafutia springi mpya, lakini yule Mpakistani alikuwa amekwenda kwao likizo, na madukani zipo za kubebea mizigo tu. Laini nilikuwa nazo hizi. Wewe ulikuwa na safari kila baada ya wiki mbili, mimi nina kilima ambacho hakiendi popote. Hesabu gani hapo?

Na kama wataka kujua, sikuumia kama unavyodhani. Kidogo siku ya kwanza, walipowasha injini. Nikakumbuka siku ile kwenu. Ulinifuata juu na gari la mapipa ya maji, springi za mizigo, hukuniuliza mimi ni nani. Ningeviringika, tungeviringika wote. Nimezunguka na watu wa magari tangu ndevu zangu hazijaota, na wote wanajua kunipigia kelele vizuri sana. Aliyepanda ni wewe. Basi nilikaa pale nakula mbegu, nikasema moyoni, springi zangu leo ziko safarini Ibra na zimebeba kitu kizito kuliko Dalmuk. Nikacheka peke yangu. Walidhani nimechanganyikiwa kwa uchungu.

Usiku na mchana tunawaombea. Usinitajie springi tena mpaka kazi yake iishe.

Dalmuk


Bidiya, 19 Mei 1995

Kwa ndugu yangu Dalmuk bin Ghanim, na kwa mama yake mzazi aliyetuombea,

Amezaliwa. Ni msichana. Amezaliwa hospitali ya Ibra mwezi uliopita, baada ya safari nzuri kuliko zote, mchana mweupe, tumesimama kwenye lami tukajaza upepo huku mama yake akinitukana nifanye haraka. Wote wawili wazima. Mama yangu alimpapasa uso, masikio, vidole vyote vya mikono na miguu, kisha akavirudia tangu mwanzo. Jina lake ni Salma. Ghaliya anakusalimu kwa jina lake mwenyewe, anasema hakudai kitu kwa yale ya tende, tende zilimsaidia.

Sikukuandikia mapema kwa sababu hatukulala. Mtoto huyu, Dalmuk, analia. Analia kutoka magharibi mpaka alfajiri. Tumembeba, tumemwimbia, mama amemsomea, majirani wameleta kila jani. Nikakumbuka gari. Nikawaza, hakuna kitanda duniani laini kama lile. Tukampakia kwenye kiti chako, nikaondoka taratibu, gari likaelea juu ya mawe kama ulivyolitengeneza. Akazidisha kilio. Usiku wa pili vivyo hivyo. Usiku wa tatu nikaazima pikapu la Bakhit, ambalo halijawahi kuona fundi, tukaingia kwenye vijituta. Kimya. Nikasimama, akalia. Nikaondoka, kimya.

Kwa hiyo springi zako zinarudi na Sanad, nimezisafisha na kuzipaka grisi. Zimefanya kazi niliyokuwa naiomba kwa Mungu miaka sita, na siwezi kukulipa, wala sitajaribu. Zifunge kwenye gari lako upande kilima chako, na siku hiyo mimi na nyumba yangu yote tutakuwa chini tukitazama, na nakuahidi hatutapiga kelele.

Mimi jana nimerudisha springi zangu za mizigo, na vile vyuma viwili vifupi vinene ulivyoniambia nivitoe. Jioni tukapita njia yote, mpaka kwenye lami na kurudi. Meno yaligongana, mama alipoteza ushungi, Ghaliya alishika mlango kwa mikono miwili huku anacheka na kulia.

Salma akalala.

Ndugu yako,
Huweishil bin Nasib